Imeili moja, watu sita, paswedi moja: mfanyeje?

Dada mmoja wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, pale Kurasini, kaniandikia hivi, nimemfupisha kidogo: "Kaka, tuko watu sita. Tangu tufungue ofisi 2019 tunatumia Gmail moja ya bure na paswedi tunayo wote. Mwezi uliopita notisi ya kufika mzigo iliingia, mmoja wetu akaifungua kwenye simu akiwa kwenye daladala, sisi wengine tukaona imeshasomwa tukajua inashughulikiwa, kumbe hamna aliyeigusa. Kontena likakaa, tukalipa storeji na demareji, yaani gharama za mzigo kukaa bandarini na za kuchelewesha kontena, mteja kanuna mpaka leo. Halafu kuna kijana aliacha kazi mwezi wa tatu, nina wasiwasi bado anasoma. Websaiti tunayo, fundi anasema imeili za domeini ziko humo humo bure. Mzee mwenye ofisi hataki kusikia habari ya kulipa kila mwezi. Kuna njia gani rahisi?"

Dada, pole sana na hiyo bili. Jibu fupi kabisa ni kwamba wiki hii msinunue kitu chochote. Gmail hiyo hiyo mliyonayo ina kitu ndani yake ambacho maofisi mengi hayajawahi kukifungua, na humo kuna kitufe kimoja kidogo ambacho kingewaokoa na hilo kontena. Nitakifikia. Domeini, yaani jina lenu wenyewe la mtandaoni linalokaa baada ya alama ya @, mtaihitaji, ila ije ya pili, kwa sababu mkihamia kwenye domeini mkiwa na mtindo huu huu wa paswedi moja watu sita, mtakuwa mmehama nyumba na kunguni wenu.

Kwanza tuelewane hapa. Nyinyi mmechanganya vitu vitatu mkavifanya kimoja: anwani, boksi na ufunguo. Anwani ni ile mnayoiandika kwenye kadi na kwenye lori. Boksi ni pale barua zinapokaa. Ufunguo ni paswedi. Anwani inaweza kuwa moja ya ofisi nzima, hakuna ubaya, mteja anapenda anwani moja asiyohitaji kufikiria. Boksi linaweza kuwa moja pia. Ufunguo ndo hauwezi kuwa mmoja, kila mtu lazima awe na wake, ili akiondoka unachukua wake tu na wengine wanaendelea kufanya kazi kama vile hakuna kilichotokea. Sasa hivi kijana akiondoka inabidi mbadilishe kitasa cha mlango mzima na kuwagawia watu wote funguo mpya, kwahiyo mnaona uvivu, hambadilishi, na kijana anabaki na ufunguo mfukoni. Si kwamba nyie ni wazembe, kila ofisi niliyowahi kuingia yenye mtindo huu ina angalau mtu mmoja wa zamani ambaye bado yumo ndani.

Na hiyo paswedi ya pamoja ina mateso mengine ambayo nadhani mmeshayaonja hata kama hukuyaandika. Mtu kaingia kwenye kompyuta mpya, Google inashtuka, inatuma namba za uthibitisho kwenye simu ya mzee, mzee yuko msibani Tanga simu imezima chaji, kazi imesimama. Au mteja anapiga simu anasema "mmenijibu jana mkanipa bei hii", mnaangalia kwenye zilizotumwa, kweli jibu lipo, ila nani aliandika? Hamna jina. Wote wanasema sio mimi.

Sasa hicho kitu. Kinaitwa kukabidhi akaunti, Wazungu wanaita deligesheni. Maana yake wewe mwenye boksi la ofisi unamruhusu mtu mwingine afungue boksi hilo akiwa ndani ya akaunti yake mwenyewe, kwa paswedi yake mwenyewe. Paswedi ya ofisi haioni kabisa. Anasoma, anajibu kwa anwani ya ofisi, anafuta, anapanga, lakini hawezi kubadilisha paswedi. Gmail ya bure inakubali mpaka watu kumi, nyinyi mko sita, mnaenea na nafasi inabaki. Gharama sifuri, mzee atafurahi.

Inafanyika kwenye kompyuta, usihangaike na simu. Fungua boksi la ofisi, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, teremka mpaka uone pa kumpa mwingine ruhusa ya kuingia kwenye akaunti yako. Sasa kabla hujaongeza mtu, angalia hapo hapo chini, kuna chaguo mbili, moja inasema barua ikifunguliwa na mwingine ihesabiwe imesomwa, na nyingine inasema ibaki haijasomwa. Chagua ya pili. Hicho ndo kitufe nilichokwambia. Mtu akiichungulia barua kwa ruhusa hii, inabaki imekolea wino vile vile, mwingine akiingia anaiona bado mpya. Na ukiona hapo chaguo la kuonyesha kwenye barua zinazotoka aliyeituma pamoja na anwani ya ofisi, nalo liwashe, lile swali la nani aliandika linakufa siku hiyo.

Ukishaongeza mtu anapata barua ya mwaliko kwenye Gmail yake, lazima abonyeze kukubali, na mwaliko unakufa baada ya wiki moja, kwahiyo msimamie. Inaweza kuchukua hata siku nzima kabla halijaanza kuonekana kwake, usianze kubomoa ulichofanya kwa kudhani umekosea. Likishaingia, anabonyeza picha yake pale juu kulia anakuta boksi la ofisi limeandikwa kwamba amekabidhiwa. Na jambo hili limetengenezwa hasa kwa kufanyia kwenye kompyuta, wengine watalalamika kwamba kwenye simu hawaoni kama zamani. Waache walalamike. Aliyefungua ile notisi alikuwa kwenye daladala, kashika bomba kwa mkono mmoja, angefanya nini nayo zaidi ya kuisoma na kuisahau?

Vijana wako watumie Gmail zao binafsi kwa hili? Wanaweza, barua za ofisi hazihamii kwao, zinabaki kwenye boksi la ofisi, siku ukimtoa haoni tena kitu. Mimi napenda kila mtu afungue nyingine mpya ya kazi tu, ila usigombane na mtu kwa hilo.

Kabla ya hayo yote lakini, leo hii jioni wakati watu wameondoka, safisha nyumba. Badilisha paswedi, iwe ndefu, uijue wewe na mzee peke yenu, iandikwe kwenye karatasi ikae kwenye lile kabati la hela. Kubadilisha paswedi kunatoa vifaa vingi ila sio lazima vyote, simu ambayo ilikuwa inatumika kuthibitishia inaweza ikabaki ndani, kwahiyo ingia sehemu ya usalama, fungua orodha ya vifaa, na utoe kimoja kimoja usichokijua. Utashangaa, ofisi ya watu sita unakuta simu kumi na tatu. Angalia namba ya simu na imeili ya kurejeshea akaunti ni za nani, mara nyingi ni za mtu aliyeifungua akaunti miaka hiyo, na kama ni yule kijana basi hata ukibadilisha paswedi mara kumi anaweza kujaribu kuirudisha kwake. Washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu chapisha zile namba kumi za akiba ambazo Google inakupa, nazo ziingie kabatini, ili mzee akiwa msibani Tanga maisha yaendelee.

Na usimalize bila kufungua sehemu mbili ambazo hakuna anayezifungua: ya kufowadi na ya vichujio. Tapeli akiwahi kuingia kwenye boksi la ofisi hakai akasoma kila siku, anaweka kichujio kinachosema barua yoyote yenye neno invoisi au benki ipelekwe nakala kwake, au ifichwe isionekane inboksi, kisha anatoka. Unabadilisha paswedi, kichujio kinabaki kinamfanyia kazi. Ukikuta kitu humo ambacho hujui kimewekwa na nani, kipige picha, kisha kifute. Kwenye kazi yenu ambapo mzigo wa mtu unalipiwa kwa maelekezo ya barua, mkipata barua ya sapulaya kwamba "tumebadilisha akaunti ya benki", mpigieni kwa ile namba mliyokuwa nayo zamani, sio iliyoandikwa chini ya barua hiyo.

Kuna kingine kinaua Gmail za ofisi nyingi kimyakimya. Gmail ya bure ina gigabaiti 15, na hizo 15 zinagawanywa na Drive na picha za Google. Sasa kijana kaweka akaunti ya ofisi kwenye simu yake, simu ikaanza kupandisha picha zake, harusi ya dada yake, video za Simba na Yanga, zote zinaenda kwenye akaunti ya ofisi. Siku ikijaa hampokei barua, anayewaandikia anarudishiwa, na nyie mnakaa mnasema leo kimya kweli. Niliitwa ofisi moja kwa tatizo hilo hilo, tulifuta video za kitchen party za mtu ambaye hata hakuwa anafanya kazi pale tena, imeili zikaanza kuingia kama mvua. Ingia kwenye picha za akaunti hiyo leo uone. Na mkiskani dokumenti skanini kwa rangi nyeusi na nyeupe au ya kijivu, BL, ile hati ya mzigo wa meli, haihitaji rangi, atachimenti ikizidi megabaiti 25 haipiti kama atachimenti, inageuzwa kuwa linki ya Drive, na kuna wateja linki hawazifungui, tena wana haki.

Haya, teknolojia imeisha hapo kwa sasa, lakini kitufe hakitafanya kazi ya mtu. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Hata barua ikibaki haijasomwa, watu watano wakiiona wote wanaweza kusema fulani ataifanya. Kwahiyo tengeneza lebo, moja kwa kila mtu kwa jina lake, na nyingine mbili tatu za hali ya kazi, kama inasubiri mteja, inasubiri TRA, inasubiri D/O, ile hati ya kuruhusiwa kuchukua mzigo. Mmoja kati yenu awe zamu ya asubuhi, wiki hii yeye wiki ijayo mwingine, kazi yake saa mbili na nusu na tena saa nane ni kupitia inboksi na kubandika lebo ya jina, basi, hajibu, anagawa tu. Barua yenye jina lako ni yako mpaka iishe, na ikiisha unaitoa inboksi unaihifadhi, usiifute. Inboksi inatakiwa iwe tupu jioni. Siku mbili za kwanza mtaona ni usumbufu, hasa yule mkubwa wenu wa dokumenti ambaye amezoea kila kitu kiko kichwani mwake. Mpe zamu ya kwanza yeye.

Sasa domeini. Mnaihitaji, kwa sababu anwani ya Gmail sio yenu, na mteja wa nje ambaye hajawahi kuwaona anatofautishaje nyie na mtu mwingine aliyefungua Gmail inayofanana na yenu kwa herufi moja? Umesema websaiti mnayo, basi domeini mnayo tayari. Swali langu la kwanza ni moja tu, imesajiliwa kwa jina la nani? Za .tz zinauzwa na wasajili waliopewa kibali, na kwenye usajili kuna jina la mwenye domeini na imeili yake. Mara nyingi fundi anasajili kwa jina lake, sio kwa ubaya, anaona ni haraka. Mimi mwenyewe nilishawahi kumfanyia mteja hivyo miaka hiyo naanza, nikabadilisha namba ya simu, domeini ikafika mwisho, ukumbusho ukawa unakuja kwenye imeili yangu ya zamani nisiyoifungua, ofisi ya watu ikakosa imeili siku nne. Walinitafuta mpaka kwa shemeji yangu. Tangu hapo kila domeini naandika jina la kampuni, na imeili ya mawasiliano isiwe ile inayokaa kwenye domeini yenyewe, kwa sababu ikizimika hata ukumbusho hautafika. Hiyo Gmail yenu ya zamani inafaa sana kwa kazi hiyo.

Kuhusu fundi kusema imeili ziko bure kwenye hostingi, yaani huduma ya seva inayohifadhi websaiti yenu, hajadanganya. Zipo, unafungua nyingi utakavyo. Ila jua unachopata. Seva hiyo mnaishi na websaiti nyingine mia, mmoja wao akitumika kusambaza spamu anwani ya seva inachafuka na barua zenu nyie msio na kosa zinaanza kutua kwenye spamu za wateja. Nafasi ni ile ile ya websaiti, na hostingi ikiisha muda vyote vinaondoka pamoja. Kwa ofisi inayotuma barua tano kwa siku kwa watu wanaofahamiana inatosha. Kwa ofisi ambayo barua moja iliyochelewa ni demareji, mimi siiweki hapo.

Kama mtaitumia hata hivyo, mwambie fundi aunganishe kwa IMAP, asiweke POP, hizo ni njia mbili za kuleta barua kwenye vifaa vyenu. Watu wanaona ni herufi tu. POP kwa mazoea yake inashusha barua kwenye kompyuta na kuziondoa kwenye seva, kwahiyo kompyuta ya kwanza kufunguliwa asubuhi inazichukua zote na wengine wanakuta patupu, na ile kompyuta ikiibiwa au hata diski ikifa, barua za miaka zimekwenda nayo. IMAP barua zinabaki kwenye seva na kila mtu anaona kitu kimoja.

Mzee akilainika akakubali kulipa, kuna watatu wa kuangalia. Google Workspace, mpango wa chini unakuja na gigabaiti 30 kwa mtu, na kila kitu kinafanana na mlichozoea, hata deligesheni ipo. Microsoft 365 ule wa chini ina kitu kizuri kwa ofisi kama yenu, boksi la pamoja, mnafungua anwani ya dokumenti kwa mfano, halilipiwi mpaka gigabaiti 50, wanaolipiwa ni watu wanaoingia humo tu. Hao wawili wote wanacheza kwenye kama dola saba, nane kwa mtu kwa mwezi, inategemea mnalipa mwaka mzima au mwezi mwezi. Zoho ni nafuu kuliko hao, kama dola moja kwa mtu mkilipa mwaka, ina mpango wa bure wa mpaka watu watano ila huo wa bure hauna IMAP, mtaufungulia kwenye brauza au kwenye programu yao tu.

Ningekuwa mimi kwenye kiti chako, ningekaa na deligesheni miezi mitatu, halafu ningeenda Microsoft kwa ajili ya lile boksi la pamoja, nikilipia watu wanne. Wanne, sio sita. Dereva na kijana wa kupeleka karatasi hawaandiki imeili, wanapigiwa simu, kwa nini uwalipie? Mwambie mzee ni kama dola thelathini kwa mwezi, halafu mwekee mezani ile risiti ya storeji, usiseme neno lingine.

Mkihama, msiifute Gmail ya zamani. Iko kwenye kadi, kwenye lori, kwenye mafaili ya mawakala wa meli wote, itachukua mwaka watu waisahau. Ifowadi kwenda mpya na iweke jibu la kujiendesha lenye anwani mpya. Na mdai fundi aweke rekodi tatu za domeini, SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, maana tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, barua isiyojitambulisha inakataliwa au inatupwa spamu. SPF iwe moja tu, mafundi wengi wanaongeza ya pili juu ya ile ya hostingi ya zamani na zote mbili zinaharibika. Ukitaka kumpima, tuma barua kwa Gmail ya mtu, fungua kwenye kompyuta, chagua kuonyesha barua halisi, pale juu lazima uone neno PASS kwenye zote tatu. Ukiona FAIL, usimmalizie hela yake.

Ila hayo ni ya miezi mitatu ijayo. Leo jioni ni paswedi, vifaa na vichujio. Na kesho ukae na simu karibu, kama yule kijana atakupigia kuuliza mbona imeili imemtoa, utakuwa umepata jibu la ule wasiwasi wako.